Eneo la Nyuso Ubongoni: Dai Moja na Maelfu ya Marejeo Yake

Jicho linapotazama uso wa mtu, kinachoingia ndani yake ni mwanga tu. Mwanga huo umeakisiwa na ngozi na nywele za anayetazamwa, ukapita katika mboni, ukapindwa na lenzi, kisha ukaangukia utando mwembamba ulio nyuma ya jicho uitwao retina. Katika retina ya kila jicho mna seli zipatazo milioni 120 zinazohudumia mwanga hafifu, na nyingine kama milioni 6 zinazofanya kazi kwenye mwanga mwingi na kutofautisha rangi. Kila seli kati ya hizo hupima jambo moja: kiasi cha mwanga kilichoifikia. Hakuna hata moja inayojua kwamba mbele yake yupo shangazi, jirani, au mtu asiyefahamika.

Hata hivyo, haipiti nusu sekunde mtu huwa amekwisha kujua amemwona nani. Kazi yote inayofanyika kati ya mwanga kuifikia retina na mtu kujua anachokitazama ndiyo tutakayoiita hapa utambuzi wa kuona. Miongoni mwa wanaoichunguza kazi hiyo kwa kupima ubongo wenyewe ni Nancy Kanwisher wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), nchini Marekani. Makala aliyoichapisha mwaka 1997 pamoja na Josh McDermott na Marvin Chun ni moja kati ya zinazotajwa mno katika fani hiyo. Tutaeleza kwanza makala hiyo ilidai nini na kwa ushahidi gani, kisha tutauliza kutajwa huko kunapima kitu gani hasa.

Ubongo umejengwa kwa seli za neva, yaani seli zinazopokea na kupeleka ishara za umeme. Ishara za retina hutoka jichoni kwa njia ya neva ya macho, ambayo ina nyuzi kama milioni moja. Hupita kituo kimoja kilicho katikati ya ubongo, kisha hufika kisogoni, kwenye gamba la ubongo. Gamba la ubongo ni tabaka la juu lenye mikunjo mingi, lenye unene wa milimita chache tu. Mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel waliripoti matokeo ya kupima seli mojamoja za eneo hilo la kisogoni katika paka. Waligundua kwamba seli fulani huamka pale paka anapoonyeshwa mstari ulioinama kwa pembe maalumu, na hutulia mstari ukiinama vingine. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mstari, lakini, bado si uso. Baada ya mistari na kingo kutambuliwa, ishara huendelea mbele kuelekea upande wa chini wa ubongo, na huko vitu vizima ndiko vinakotambuliwa. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Je, ubongo una mtambo mmoja wa jumla unaotambua kila kitu, uwe uso, kiti, au embe? Au vitu vingine vimetengewa sehemu yake, isiyofanya kazi nyingine?

Dalili za mwanzo zilitoka kwa wagonjwa. Mwaka 1947 daktari Mjerumani Joachim Bodamer alieleza habari za watu waliojeruhiwa ubongo ambao waliweza kuona vizuri na kutambua vitu vya kawaida, lakini wakishindwa kutambua nyuso, hata za watu waliowafahamu. Hali hiyo aliipa jina la prosopagnosia. Mwenye hali hiyo humtambua nduguye kwa sauti, kwa mwendo au kwa nguo, ila si kwa sura. Miaka 50 baadaye, mwaka 1997, watafiti wa Kanada walieleza habari za mgonjwa wa aina iliyo kinyume kabisa: baada ya ajali alishindwa kutambua vitu vya kawaida, lakini nyuso alizitambua bila tabu.

Inafaa kutulia kidogo juu ya jozi hii ya wagonjwa, kwa sababu uzito wake hupitwa kirahisi. Mgonjwa wa kwanza peke yake hathibitishi mengi. Mtu angeweza kusema kwamba nyuso ni ngumu kuliko viti kwa kuwa zote zinafanana, na kwa hiyo ubongo uliodhoofika hushindwa na lililo gumu kwanza. Mgonjwa wa pili anaifunga njia hiyo. Kama nyuso ni jambo gumu zaidi, yeye asingeweza kuzimudu huku akishindwa na yaliyo mepesi. Jozi inaonyesha kwamba kazi hizi mbili zinategemea, angalau kwa sehemu, mitambo miwili tofauti.

Lakini jeraha halichagui mipaka. Risasi au kiharusi huharibu eneo pana, na mahali penyewe hutofautiana kwa kila mgonjwa. Ili kujua mtambo wa nyuso uko wapi, kama upo, ilihitajika njia ya kuutazama ubongo mzima wa mtu mwenye afya ukiwa kazini.

Njia hiyo ilipatikana katika damu. Seli za neva zinapofanya kazi zaidi, damu nyingi yenye oksijeni humiminika mahali hapo, kuliko hata inayohitajika. Oksijeni hubebwa na hemoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu. Hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoipoteza hutenda tofauti ndani ya uga wa sumaku: isiyo na oksijeni huuvuruga kidogo uga ulioizunguka. Mashine ya MRI, ambayo hospitali huitumia kupiga picha za ndani ya mwili, ina sumaku yenye nguvu nyingi na inaweza kuunasa mvurugiko huo. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha jambo hili kwa wanyama, na kufikia 1992 lilikuwa limeonyeshwa kwa binadamu. Kipimo kilichotokana nalo tutakiita MRI ya utendaji, kwa kuwa hakiishii kwenye umbo la ubongo. Kinafuatilia pia utendaji wake.

Msomaji asikipe kipimo hiki sifa kisizokuwa nazo. Kinachopimwa ni damu. Umeme wa seli haupimwi. Damu nayo huchelewa: hufikia kilele chake sekunde 5 au 6 baada ya seli kuamka. Isitoshe, nukta moja ya picha ina upana wa milimita kadhaa, na ndani yake mna mamia ya maelfu ya seli. Kutumia kipimo hiki ni kama kusimama nje ya Uwanja wa Mkapa siku ya mechi. Kelele zikipanda, aliye nje anajua jambo limetokea na limetokea upande gani wa jukwaa, lakini hajui nani amepiga ukelele wala amesema nini.

Kuna ugumu mwingine. Ubongo hautulii kamwe, kwa hiyo damu huenda kila mahali wakati wote. Mtu akionyeshwa uso, eneo la kisogoni litaamka, lakini lingeamka hata kwa picha ya sufuria. Ndiyo maana watafiti hulinganisha hali mbili: hupima ubongo mtu anapotazama nyuso, wakapima tena anapotazama vitu vingine, kisha wakatafuta nukta ambazo nyuso ziliziamsha zaidi. Palipo na tofauti ndipo pa kuchunguzwa.

Kanwisher na wenzake walifanya hivyo kwa watu 15. Katika 12 kati yao lilionekana eneo dogo, mara nyingi upande wa kulia, chini ya ubongo kwenye mkunjo uitwao fusifomu, lililoitikia nyuso kwa nguvu zaidi kuliko vitu vya kawaida. Watafiti waliliita eneo la nyuso la fusifomu. Hawakuwa wa kwanza kufika karibu na mahali hapo. Justine Sergent na wenzake huko Kanada walikuwa wamekwisha kuripoti mwaka 1992, kwa kipimo cha aina nyingine, kwamba sehemu hiyo huamka mtu anaposhughulika na nyuso.

Kilichoipa makala ya 1997 nguvu ni hatua iliyofuata. Tofauti kati ya nyuso na vitu inaweza kuwa na sababu nyingi ambazo hazihusu nyuso. Huenda nyuso zilikuwa na mwanga mwingi zaidi katika picha zile. Huenda eneo hilo huitikia kiungo chochote cha binadamu. Huenda nyuso zote zilikuwa za aina moja ilhali vitu vilichanganywa. Huenda watu walizikazia macho nyuso kwa sababu zinavutia. Watafiti hawakuziacha shaka hizi kwa wasomaji wao wazishughulikie. Katika watu kadhaa walilitafuta kwanza eneo hilo kwa jaribio la mwanzo, wakaweka alama mahali pake, kisha wakalipima mahali palepale kwa picha mpya. Walilinganisha nyuso za rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na picha hizohizo zilizovurugwa vipande vyake, ili mwanga ubaki sawa. Walilinganisha nyuso na nyumba, ili pande zote mbili ziwe za aina moja. Walilinganisha nyuso zilizogeuzwa pembeni na kufichwa nywele na picha za mikono ya watu, tena huku washiriki wakipewa kazi ya kugundua picha iliyojirudia, kazi inayodai uangalifu kwa mikono sawasawa na kwa nyuso. Kila mara eneo liliitikia nyuso zaidi.

Utaratibu huu wa kulitafuta eneo katika ubongo wa kila mtu kwanza, na kulipima baadaye, unastahili kukumbukwa. Mikunjo ya bongo za watu hailingani kama vile sura zao zisivyolingana. Ukizipanga picha za bongo 15 moja juu ya nyingine na kutafuta wastani, eneo dogo linaweza kufifia hadi lipotee. Ukilitafuta kwa kila mtu peke yake, linabaki wazi. Utaratibu wenyewe uligeuka kuwa zana, na watu waliokuwa wakichunguza mambo mengine kabisa waliuazima. Mwaka uliofuata, 1998, Russell Epstein na Kanwisher waliutumia kueleza eneo jingine, linaloitikia picha za mahali, kama vyumba na mandhari.

Sasa tugeukie marejeo. Mwanasayansi anapoandika makala huwa na desturi ya kutaja kazi za wengine alizozitumia. Kila kutajwa namna hiyo tutakuita rejeo. Kama makala mpya 40 zimeitaja makala fulani ya zamani, tunasema makala ile ina marejeo 40. Kuyafuatilia kwa mkono ni kazi isiyo na mwisho, kwa sababu makala huonyesha ilichokitaja lakini haiwezi kuonyesha itakayoitaja kesho. Eugene Garfield, aliyefanyia kazi Philadelphia, alipendekeza mwaka 1955 faharasa ya kugeuza mwelekeo huo: unaanza na makala ya zamani, unaonyeshwa zote zilizoitaja. Faharasa yake ya marejeo ya sayansi ilianza kutolewa mwaka 1964. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta.

Kutokana na hesabu hizo kulitungwa vipimo vya mtafiti mmoja mmoja. Kinachofahamika zaidi kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, nacho huitwa kipimo cha h. Tuseme mtafiti ana makala 5, zenye marejeo 50, 20, 9, 3 na 1. Tunazipanga kuanzia yenye marejeo mengi, kisha tunahesabu kushuka chini maadamu marejeo ya makala hayapungui namba ya nafasi yake. Ya tatu ina marejeo 9, nayo inafaa. Ya nne ina marejeo 3, ambayo ni pungufu ya 4. Tunasimama hapo: h yake ni 3. Yaani, anazo makala 3 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 3.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba makala moja iliyobahatika haiwezi kuyabeba maisha yote ya mtafiti. Hasara yake ni hiyohiyo. Aliyeandika makala 3 tu, kila moja ikatajwa mara 5,000, naye atapata h ya 3, sawasawa na mtafiti wetu wa mfano. Tena fani yenye watafiti wengi huzaa marejeo mengi kuliko yenye wachache, hata kama ubora ni uleule. Na kwa kuwa hazina kubwa za marejeo hukusanya zaidi majarida ya Kiingereza, kazi nzuri iliyoandikwa kwa Kiswahili huhesabiwa kwa shida. Anayelinganisha watu wa fani mbili kwa namba hii pekee ameshika mizani mbovu.

Makala ya 1997 imetajwa mara maelfu. Je, idadi hiyo inasema kwamba eneo la nyuso lipo kweli? Haisemi hivyo, na njia ya kuliona hilo ni kutazama nani aliitaja na kwa nini. Wapo walioitaja kwa sababu waliazima utaratibu wake. Wapo walioitaja katika sentensi ya utangulizi kama jambo linalojulikana, kisha wakaendelea na yao. Na wapo, tena muhimu kuliko wote, walioitaja ili kuipinga. Hesabu ya marejeo inawajumlisha wote hawa kana kwamba wamesema neno moja.

Upinzani mkubwa wa kwanza ulitoka kwa Isabel Gauthier, Michael Tarr na wenzao. Walikubali kwamba eneo lipo, wakakataa maelezo yake. Kwa maoni yao, jambo la pekee kuhusu nyuso ni ujuzi: kila mtu ni mjuzi wa nyuso, kwa kuwa amezitofautisha tangu utotoni. Huenda basi eneo hilo ni la ujuzi wa kutofautisha vitu vinavyofanana, na nyuso ni mfano mmoja tu. Walibuni viumbe vya kompyuta vinavyofanana sana, wakawafunza watu kuvitofautisha, na mwaka 1999 wakaripoti kwamba baada ya mafunzo eneo lile liliitikia viumbe hivyo zaidi. Mwaka 2000 waliripoti jambo kama hilo kwa wajuzi wa magari na wajuzi wa ndege wa porini. Waliomtetea Kanwisher walijibu kwamba mwitikio kwa nyuso ulibaki mkubwa kuliko huo wa ujuzi, na kwamba viumbe vile vya kompyuta vilikuwa na umbo lililokaribiana na uso.

Upinzani wa pili ni wa kina zaidi. Mwaka 2001 James Haxby na wenzake walisema kosa liko katika kutafuta kilele. Walitazama mpangilio mzima wa mwitikio katika sehemu pana ya chini ya ubongo, palipo juu na palipo chini kwa pamoja, wakaonyesha kwamba mpangilio huo unatosha kujua mtu anatazama uso, paka, nyumba au kiatu. Hata walipoziondoa nukta zinazoitikia zaidi kitu fulani, zilizobaki ziliweza kukitambulisha. Kwa mtazamo huu, habari za nyuso zimetandazwa mahali pengi, na eneo la fusifomu ni kilima kirefu tu katika safu ndefu.

MRI ya utendaji peke yake isingeweza kuumaliza ubishi huu, kwa sababu tuliyoieleza: hupima mamia ya maelfu ya seli kwa mkupuo. Ilibidi kuingia ndani. Mwaka 2006 Doris Tsao, Winrich Freiwald na wenzao walitumia MRI kutafuta maeneo ya nyuso katika ubongo wa nyani, kisha wakaingiza elektrodi nyembamba, yaani waya wa kupima umeme wa seli, katika mojawapo na kupima seli mojamoja. Kati ya seli zilizoitikia picha, asilimia 97 zilipendelea nyuso. Namba hiyo ilikuwa vigumu kuipuuza, kwani safari hii kilichopimwa ni seli zenyewe.

Bado kulikuwa na pengo. Seli inaweza kuitikia nyuso bila kuchangia chochote katika kuzitambua. Ili kujua kama eneo linachangia, ni lazima liguswe, kisha ionekane nini kinabadilika. Mwaka 2012 Josef Parvizi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti habari za mgonjwa wa kifafa aliyekuwa amewekewa elektrodi ubongoni ili madaktari watafute chanzo cha degedege zake. Umeme kidogo ulipopitishwa katika eneo la nyuso, mgonjwa alieleza kwamba uso wa daktari aliyekuwa mbele yake umegeuka umbo. Daktari alipojifanya kuwasha umeme bila kuuwasha, mgonjwa hakuona badiliko. Vitu vingine chumbani havikugeuka namna ile.

Mwaka 2024 Kanwisher, Freiwald na Tsao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Kavli katika sayansi ya neva kwa kazi hii ya nyuso. Haxby na Gauthier nao wanaendelea kutajwa, na ni haki yao. Hoja ya Haxby kuhusu mpangilio ilizaa mbinu za uchambuzi ambazo leo hutumiwa hata na wasiokubaliana naye.

Swali lililobaki ni eneo hili linatoka wapi. Mwaka 2017 kundi la Margaret Livingstone liliripoti kwamba nyani waliolelewa bila kuona uso wowote hawakuota maeneo ya nyuso ya kawaida. Hilo linaelekea kusema kwamba kuona nyuso ni lazima. Mwaka 2020, kwa upande wa pili, Apurva Ratan Murty, Kanwisher na wenzao waliwapima watu waliozaliwa vipofu, wakiwapa sanamu za nyuso na za vitu vingine wazipapase kwa mikono. Eneo lile la fusifomu liliitikia nyuso zaidi, ingawa macho yao hayakuwahi kuona hata uso mmoja. Watafiti hao wanaelekeza jicho kwenye nyuzi za neva zinazoliunganisha eneo hilo na sehemu nyingine za ubongo. Mwaka 2012 Zeynep Saygin na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kwa kuzitazama nyuzi hizo tu inawezekana kukadiria ni nukta zipi za fusifomu ya mtu zitaitikia nyuso. Kama nyuzi hutangulia na upendeleo wa nyuso hufuata, bado haijaonyeshwa ni nini katika nyuzi hizo kinacholipa eneo kazi ya nyuso badala ya kazi nyingine, wala kwa nini nyani wa Livingstone, wenye nyuzi zao, walihitaji kuona ilhali vipofu hawakuhitaji.